Kwa kichwa cha pagazi au kwa reli: kuzitambua na kuzitunza sahani kongwe za Tabora

Sahani ya Ulaya yenye korongo wa Kijapani, tawi la maua na feni iliyokunjuliwa inaweza kabisa kukutwa Tabora, ndani ya kabati la bibi, nyuma ya vyombo vya kila siku. Anayeikuta huanza kuuliza bei. Mimi ningemwomba aulize kwanza ilifikaje huku bara, kilomita zipatazo 800 kutoka pwani. Kama ilikuja kabla ya mwaka 1912, iliingia mjini kichwani au begani mwa mtu. Kama ilikuja baadaye, yaelekea iliteremshwa stesheni. Mara nyingi jibu limeandikwa kwenye chombo chenyewe, na mwenye chombo anaweza kulisoma bila kuwa mtaalamu.

Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga makazi Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali palipokuja kuwa Tabora. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857, siku 134 baada ya kuondoka pwani, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, aliandika kwamba kila Mwarabu mwenye cheo alikuwa na zulia la Kiajemi, matandiko mazuri na vyombo kamili vya chai na kahawa. Alishangaa kwamba anasa hizo ziliagizwa kutoka pwani mwaka hadi mwaka.

Vyombo hivyo vililetwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, na nafasi katika msafara ilikuwa ya vitu vilivyonunua pembe za ndovu: merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba. Sahani hainunui pembe, tena inavunjika. Kwa hiyo naamini kila sahani iliyofika Kwihara, jirani na Tabora, au Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, enzi hizo iliwekwa mzigoni na mtu aliyeamua kwa makusudi kupunguza bidhaa ili nyumba yake ipendeze na mgeni wake aandaliwe kwa heshima. Nyingine ziliangamia hukuhuku: mwaka huohuo wa 1871 vita vya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, viliufikia mji, nyumba zikaporwa na kuchomwa. Kilichosalia ni kidogo, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba hata kipande kilichomeguka kisitupwe kabla hakijatazamwa vizuri.

Ni lazima niseme mapema kwamba kauri halisi ya Ulaya ya karne ya 18, ile ya viwanda vya Meissen au Chantilly inayonadiwa London na Paris, si kitu cha kukitegemea katika njia ya misafara. Kitu cha kukitegemea ni vyombo vya udongo mweupe vilivyotengenezwa kiwandani kwa maelfu, vikapigwa chapa ya picha au muhuri wa sponji, na kuuzwa kwa bei nafuu. Vilishuka Unguja kwa wingi baada ya Sultani aliyetawala Unguja kufunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844 na miji ya Kijerumani ya Hansa, Hamburg ikiwemo, mwaka 1859. Kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu na Mji Mkongwe vilipangwa safu kwa safu. Mwanaakiolojia Sarah Croucher, alipochimba kwenye mashamba ya karafuu ya Zanzibar, aliona vyombo vya Ulaya vimeenea mashambani pia. Mwaka 2007 yeye na Stephanie Wynne-Jones walichapisha taarifa ya awali ya uchunguzi wao wa njia ya kati ya misafara, na wengine wameendelea na kazi hiyo. Ardhi ya huku bado haijasomwa hata robo.

Ujapani uliingiaje Ulaya

Katikati ya karne ya 17 Waholanzi walianza kununua kauri ya Arita, kusini mwa Japani, iliyosafirishwa kupitia bandari ya Imari. Jina la bandari likageuka kuwa jina la mtindo: buluu nzito chini, juu yake nyekundu ya kutu na dhahabu, uwanja mzima umejazwa maua. Kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710, kiliiga mitindo ya Kijapani, Wafaransa wa Chantilly wakaiga, na Waingereza wa Worcester na Derby wakafuata. Mwaka 1813 Charles James Mason wa Staffordshire alipata hataza ya udongo mgumu alioupa jina la jiwe la chuma, na familia za kipato cha kati zikaanza kununua sahani za rangi za Imari kwa bei waliyoimudu.

Wimbi la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Japani ilianza kufungua milango yake kwa mataifa ya nje mwaka 1854. Vitu vyake vikaonyeshwa London mwaka 1862 na Paris mwaka 1867, na Ulaya ikapagawa. Viwanda vya Staffordshire, Maastricht na bonde la Saar vikamwaga sokoni sahani zenye korongo, mianzi, miavuli, feni na maua ya micheri, picha zikiwa zimewekwa upande mmoja na kuacha nafasi wazi upande wa pili, kama wafanyavyo wachoraji wa Japani. Miaka hiyo, ya 1870 na 1880, ndiyo misafara ya Unyanyembe ilikuwa imepamba moto. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na meli za Ulaya zilifika Unguja kwa njia fupi zaidi. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo kwa picha ya bustani ya Kijapani, iliyochongwa Uingereza au Uholanzi, kuishia kwenye tembe la Unyamwezi.

Anza na udongo, kisha rangi

Osha mikono, tandika taulo mezani, kisha shika chombo kwa mikono miwili. Usikiinue kwa mpini wala kwa ukingo, kwa sababu gundi ya zamani huachia bila kutoa taarifa.

Washa taa ya simu nyuma ya sahani, gizani. Kauri halisi hupitisha mwanga, na kivuli cha vidole vyako kitaonekana kupitia sahani. Udongo mweupe wa kawaida hubaki mzito na giza. Kisha tafuta mahali palipomeguka. Kauri ikimeguka huonyesha ndani weupe unaong'aa na kukatika laini. Udongo wa kiwandani huonyesha unga kama chokaa, mara nyingi umegeuka rangi ya chai kwa sababu umenyonya mafuta na maji ya miaka mingi. Utando wa kioo unaofunika udongo ukiwa na mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele, hilo nalo ni jambo la kawaida kwa vyombo vya udongo na si ushahidi tosha wa ukongwe. Wapo wanaochemsha sahani mpya ndani ya chai ili nyufa hizo zionekane za kale.

Geuza kitako. Vyombo vingi vya udongo vya Ulaya vina vidoa vidogo vitatuvitatu, mahali chombo kilipoegemea vishikizo ndani ya tanuri. Kauri ya Japani yenyewe, hasa sahani kubwa, mara nyingi ina nukta chache za vishikizo katikati ya kitako, na pete ya chini haikupakwa utando.

Sasa chukua kioo cha kukuzia. Kama huna, kamera ya simu iliyosogezwa karibu inatosha. Picha iliyopigwa kwa bamba la shaba lililochongwa ina mistari na nukta ndogo za mkono wa mchongaji, na karibu kila mara kuna mahali ukingoni ambapo karatasi mbili za chapa zilikutana vibaya: jani linakatika katikati, mwanzi unaruka. Kasoro hiyo inapendeza kwa mtafiti, kwani inathibitisha kazi ya mikono ya wafanyakazi wa kiwandani. Kama rangi nyekundu au kijani imejazwa ndani ya mistari hiyo na kumwagika kidogo nje yake, ujue mtu aliipaka kwa brashi. Chapa ya sponji ni rahisi zaidi kuitambua: ua lilelile linajirudia kuzunguka bakuli, kila mara likiwa zito kidogo au hafifu kidogo. Bakuli za namna hii zilipendwa sana pwani. Picha iliyojaa nukta za rangi nyingi zilizopangwa sawasawa, kama picha ya gazeti, ni ya teknolojia iliyoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na hiyo inasogeza chombo kuelekea enzi za reli.

Dhahabu na nyekundu za Imari zilipakwa juu ya utando, si chini yake. Pitisha ncha ya kidole taratibu. Utahisi mwinuko mdogo. Buluu iko chini ya kioo, haihisiki.

Muhuri wa chini

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kuna kanuni chache zinazosaidia kuliko kitabu kizima.

Jina la nchi peke yake, England, Holland au Germany, lilianza kuwekwa kwa kawaida baada ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyotungwa mwaka 1890 na kuanza kutumika mwaka 1891. Viwanda havikuwa na muhuri tofauti kwa kila soko, kwa hiyo sahani iliyokuja Afrika nayo ilipata jina hilo. Maneno Made in kabla ya jina la nchi kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa hiyo sahani yenye Made in Holland, hata ikiwa na picha nzuri namna gani, yaelekea haikumwona Mirambo. Kutokuwa na jina la nchi hakuthibitishi ukongwe, lakini kunaacha mlango wazi.

Vyombo vya Uingereza vilivyosajiliwa kati ya mwaka 1842 na 1883 hubeba alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye herufi na tarakimu kwenye kona na namba IV ya Kirumi juu, inayoonyesha kuwa ni chombo cha udongo. Herufi na tarakimu hizo hutoa siku, mwezi na mwaka wa kusajiliwa kwa umbo au picha. Kuanzia mwaka 1884 alama hiyo iliachwa, ikaja namba ya mfululizo yenye herufi Rd No mbele yake. Kufikia mwaka 1900 namba zilikuwa zimepita 350,000. Tarehe ya kusajili ni ya mwanzo tu. Kiwanda kiliweza kuendelea kupiga picha ileile kwa miaka mingi.

Kwa upande wa Uholanzi, tafuta jina la Maastricht, ambalo zamani liliandikwa pia Maestricht. Petrus Regout alianzisha viwanda vyake mjini humo katika miaka ya 1830, na alama yake maarufu ni sfinksi aliyelala. Mwaka 1899 kampuni ilichukua jina De Sphinx. Jirani na mshindani wake, Société Céramique, alijiita hivyo tangu mwaka 1863, na kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1958. Regout alitoa picha nyingi za mashariki zenye majina yaliyoandikwa ndani ya muhuri, kama Timor na Pajong. Majina hayo ni ya visiwa na lugha za makoloni ya Uholanzi, na watu waliochorwa ni Wajapani au Wachina wa kufikirika. Wachoraji wa Maastricht hawakujali sana tofauti hiyo, nasi tusilazimishe. Villeroy & Boch, kampuni iliyoungana mwaka 1836 katika bonde la Saar, ilitumia kwa muda mrefu kichwa cha mungu Merkuri mwenye kofia ya mabawa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Chombo chenye neno Nippon ni cha Japani yenyewe, kwa kawaida kati ya mwaka 1891 na 1921. Baada ya hapo likatumika neno Japan. Kampuni iliyokuja kujulikana kama Noritake ilianza mwaka 1904 na kutengeneza seti za chai za umbo la Kizungu kwa soko la nje. Hivyo unaweza kuwa na kikombe cha Uingereza chenye sura ya Kijapani kando ya kikombe cha Japani chenye sura ya Kiingereza, vyote vimerithiwa kwa babu mmoja. Andika kila kimoja kwa jina lake.

Habari ya nyumba

Nimefika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Sahani ya udongo ya Maastricht au Staffordshire si adimu huko ilikotoka, kwa kuwa zilitengenezwa kwa maelfu, na mwenye kuota utajiri kwa sahani moja atasikitika. Lakini sahani hiyohiyo ikiwa na maelezo kwamba ilikuwa ya nyumba fulani ya Kwihara, ilitumika siku ya Idi, ilitoka kwa bibi mzaa mama aliyekuja kutoka Bagamoyo, inakuwa ushahidi wa historia ambao hakuna makumbusho ya Ulaya yanayoweza kuwa nao. Ukiitenganisha sahani na nyumba yake bila kuandika lolote, umeharibu sehemu isiyorudishwa kwa pesa.

Kwa hiyo nenda kwa wazee mapema. Piga shikamoo, kaa, kunywa uji au chai utakayopewa, na usianze kwa kuomba kuona vyombo. Uliza kuhusu harusi za zamani, wageni walivyopokewa, nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Akinamama ndio wajuao. Mara nyingi bibi atakumbuka sahani iliyovunjika kabla hajaitaja iliyosalia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe ya mazungumzo, na umwombe ruhusa ya kuyahifadhi. Usimrekodi kwa siri.

Piga picha ya mbele, ya kitako, ya ukingo na ya kila ufa, ukiweka rula pembeni. Pima kipenyo na kimo kwa sentimita. Kipe chombo namba, uiandike kwenye kikaratasi kwa penseli na kukiweka ndani ya chombo; usibandike gundi wala selotepu juu ya rangi. Nakala moja ya maelezo ikae kwa mwenye nyumba.

Matunzo, na tahadhari ya sumu

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ndani ya beseni la plastiki, chombo kimoja kimoja. Usitumie steeli waya, mchanga wala jivu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni adui: hupenya kwenye nyufa, huacha chumvi ndani ya udongo, na baada ya miezi utando huanza kubanduka. Doa la kahawia ndani ya ufa ni umri wa chombo, liache. Chombo kilichovunjika kisigandishwe kwa supaglu. Funga vipande vyote, hata vile vidogo, katika kitambaa cha pamba na kuviweka pamoja mpaka apatikane anayejua. Ukipanga sahani, weka kitambaa kati ya moja na nyingine, na bakuli lisiingizwe ndani ya bakuli.

Usile chakula katika vyombo hivi. Utando wa kioo na rangi za zamani mara nyingi vina madini ya risasi, na ndimu, siki, achari, nyanya au juisi ya ukwaju huyatoa madini hayo kwenye chombo na kuyaingiza kwenye chakula. Risasi huumiza zaidi watoto na wajawazito, tena kidogo kidogo bila dalili ya haraka. Sahani yenye nyufa au iliyochubuka rangi ni hatari zaidi. Kama ni lazima itumike siku ya sherehe, iwekwe kama pambo.

Kununua, kuchimba, kusafirisha

Nunua kwa mtu anayejulikana kuwa mwenye mali, andikianeni risiti hata ya mkono, na uandike mlikokutana. Ukoo uwe umekubali. Sahani ya urithi iliyouzwa na kijana mmoja kwa siri huleta ugomvi wa miaka.

Chombo kilichotolewa kaburini usikiguse. Makaburi mengi ya zamani ya pwani yalijengewa bakuli na sahani ukutani, na leo mengi yamebaki na mashimo kwa sababu watu walizing'oa wakauza. Wanunuzi ndio waliofanya jambo hilo liendelee.

Kuchimba nako, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, na maeneo ya njia ya misafara yana uzito wa pekee: tangu mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania katika UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kipande cha sahani kikiwa ardhini kina tabaka lake, mkaa wake, mifupa na shanga za jirani yake. Ukikichomoa kwa jembe kinabaki kigae tu. Mkulima au fundi msingi akikutana na vigae vingi mahali pamoja asimamishe kazi hapo, apige picha bila kuvisogeza, na amjulishe mtendaji wa kijiji au mtaa ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Mwenye chombo halali anayetaka kukipeleka nje ya nchi aulize Idara hiyo kwa maandishi kabla ya kufungasha, akiambatanisha picha na maelezo ya asili yake. Kwa Zanzibar mamlaka ni nyingine na sheria ni zake, kwa hiyo sahani iliyonunuliwa Unguja iulizwe huko. Na anayetaka tu kujua alichonacho anaweza kuanza kwa kupeleka picha, si chombo chenyewe, kwa wahifadhi wa Tembe la Livingstone pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, au kwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Picha ya kitako iwe ya kwanza kwenye bahasha.